Asali iliyobaki kwenye masega naitoaje bila kuharibu nta? Nimepata "uji" katikati siuelewi

#1 Mpwa wa Ipuli
Wakuu mwangaluka, heshima mbele.

Mie nipo Tabora mjini ila nina mizinga sita ya mbao huko Uyui kwenye shamba aliloacha mzee. Mwisho wa mwezi wa sita tumeenda kurina, minne ilikuwa na asali, miwili nyuki wamehama sijui kilichowakimbiza. Asali ya kwanza imechuruzika yenyewe kwenye chandarua kipya, kama lita 30 hivi, hiyo sina shida nayo, ipo kwenye madumu na nusu imeshauzwa mtaani.

Sasa mabaki. Nimebakiwa na ndoo mbili za lita 20 zimejaa masega tuliyokamua kwa mkono, ila ukishika bado unalowa asali mpaka kiwiko. Roho ikauma kutupa. Nikamimina ndoo moja kwenye sufuria kubwa, jiko la mkaa, nikasema nta itapanda asali itabaki chini si ndo tunavyoambiwa? Ikayeyuka vizuri, nikaepua, nikalala. Asubuhi nakuta vitu vitatu badala ya viwili. Juu nta imeganda unene wa kidole, rangi chafuchafu. Chini asali nyeusi kama kahawa, inanuka sukari iliyoungua. Katikati kuna UJI. Wa kahawia, mzito, unateleza, si nta si asali, unene wa vidole vitatu! Ukiuonja utamu upo ila unasagika mdomoni kama unakula mshumaa.

Maswali: huo uji ni nini na umetokea wapi? Na ile ndoo ya pili ambayo sijaigusa niifanyeje nipate asali yangu na nta yangu? Nawasilisha.

#2 Ngoja Waje Wajuzi
Nimekaa pale kwenye kivuli cha mwembe nawasubiri.

#3 Mama Kulwa TBR
Mpwa kosa lako la kwanza ni sufuria kukaa moja kwa moja juu ya mkaa. Asali ni nzito inakaa chini kabisa, kwa hiyo yenyewe ndo inayopigwa na moto wakati nta huko juu bado haijaamka. Mpaka nta iyeyuke yote asali imeshaungua zamani.

Mimi natengeneza mishumaa na mafuta ya mgando miaka kadhaa sasa, mabaki ya watu nanunua sana. Fanya hivi: sufuria kubwa, maji, weka vijiti au mawe madogo chini, juu yake sufuria ndogo yenye masega. Moto mdogo. Ukiona vipande vya mwisho vimelainika toa hapo hapo usingoje kichemke. Funika, viringishia blanketi kuukuu, kiache kipoe polepole mpaka kesho. Nta ikipoa haraka inashika uchafu na asali ndani yake, ikipoa polepole kila kitu kinapata muda wa kwenda kwake. Kesho yake toboa ile nta pembeni matundu mawili, moja la kupitisha hewa, inamisha, asali inatoka.

Hiyo asali lakini usiichanganye na ile ya kwanza! Hiyo ni ya kupikia maandazi na ya chai.

#4 Mgebuka Mkavu
Hahaha Wanyamwezi mnapika asali kama mnapika matobolwa. Huku Kigoma tunakamua kavu, hatuwashi moto. Shemeji yangu Kasulu ana ile mashine ya kuzungusha ya kukamulia mawese, anafunga masega kwenye kitambaa kigumu anazungusha, asali yote inashuka yanabaki makapi makavu kama mashudu. Moto wa nini?

#5 Sungusungu Mstaafu
#4 na hiyo asali inatoka na rangi ya mawese kabisa, unauza kitu kimoja wateja wawili, wa chai na wa kukaangia migebuka.

#6 Mgebuka Mkavu
Mtani nyamaza. Mashine inaoshwa kwa maji ya moto na sabuni.

(ila ukweli niseme msimu wa kwanza ilinukia kidogo)

#7 Ticha wa Kemia
Salaam. Namba tuziweke sawa kwanza maana kuna watu wataanza kusema nta inayeyuka maji yakichemka. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzijoto 62 mpaka 64 hivi. Maji yakichemka ni karibu 100, na sisi tulio mwinuko kama mita 1,200 yanachemka chini kidogo ya hapo. Kwa hiyo njia ya Mama Kulwa ina nafasi kubwa, huna haja hata ya kuona mapovu.

Uzito: lita moja ya asali ina kilo 1.4 hivi, lita ya maji kilo 1, nta iko chini kidogo ya maji, 0.96. Ndo maana nta juu asali chini. Ukitia maji yanakaa katikati kwa muda tu, mwishowe yanachanganyika na asali.

Sasa uji. Swali kwa mleta mada: ULITIA MAJI? Na maji ya wapi?

#8 Mpwa wa Ipuli
#7 hapana mkuu sikutia maji hata tone. Masega matupu.

#9 Ticha wa Kemia
Basi tunaanza upya.

#10 Mzinga wa Gome
Wanangu hamjambo. Mimi ni mtu wa Sikonge, nimerina tangu nabebewa kamba na baba yangu, sasa hivi magoti yamegoma kupanda.

Huo uji ni majana. Umechanganya masega ya asali na masega yenye watoto wa nyuki, umekamua kwa mkono, wale watoto wamepasuka ndani ya asali. Ukiweka motoni wanaiva kama yai linavyoiva kwenye supu, wanashikana na nta wanashikana na asali. Zamani tulikuwa tunatenga palepale chini ya mti: sega jeupe lenye asali iliyozibwa chombo hiki, sega jeusi kuukuu chombo kile, na sega la majana tunawaachia nyuki wenyewe ndani ya mzinga. Siku hizi mnarina usiku na tochi za simu mnakata kila kitu mnatupa kwenye ndoo moja halafu mnauliza uji.

Na kupika asali mimi sikubali. Osha masega kwa maji ya vuguvugu, yale maji matamu ni wanzuki, pombe yetu ya asali, nta ipike peke yake baadae. Kila kitu kinapata kazi.

#11 Mpwa wa Ipuli
Shikamoo mzee. Sega la majana lilikuwepo moja, labda mawili. Ila uji ni wa vidole vitatu mzee, sega moja linaweza kutoa yote hayo?

#12 Mzinga wa Gome
Marahaba. Wewe umesema moja. Giza linahesabu lake.

#13 Sungusungu Mstaafu
Mzee amemaliza. Fungeni uzi.

#14 Kibondo Original
Usifungwe bado. Mimi najua huo uji ni chavua, sio majana. Masega ya karibu na kiota cha malkia yana vishimo vimejaa unga wa njano, wa chungwa, mwingine kama udongo, ndo chakula cha wale watoto. Ukiyeyusha chavua haiyeyuki, inalowa asali inakuwa tope. Chukua uji wako weka kidogo kwenye glasi ya maji ya vuguvugu koroga. Ikizama chini unga wa rangi rangi basi ni chavua. Vikielea vingozi vyepesi kama maganda ya kitunguu hivyo ni vifuko vya majana, ule utando wanaoacha ndani ya kishimo wakishakuwa nyuki kamili.

#15 Bwana Nta
Mimi nanunua nta nauza kwa watu wa juu yangu. Uji huo naujua na unanitia hasara kila mwaka, watu wananiletea tofali la nta juu linang'aa, ukilipasua katikati lina tumbo la tope. Mnapimwa kilo mnafurahi, mimi nikifika mbele nakatwa. Mwaka juzi mnunuzi mmoja alinirudishia mzigo mzima mbele za watu kisa matofali matatu. Sasa sinunui bila kupasua, msiniite mchawi.

Ushauri: nta ikiganda igeuze, upande wa chini kwangua kwa kisu ile ngozi chafu yote, yeyusha tena mara ya pili ukiwa na maji safi, chuja kwa kitambaa, kwangua tena. Na usipikie sufuria ya chuma wala debe la bati, nta inafanya weusi au ukijivu haitoki tena. Alumini poa, stenlesi poa zaidi.

#16 Binti Kaliua
Kwani shida iko wapi hamuwarudishii nyuki wenyewe? Sisi masega yenye unyevu wa asali tunayatandaza kwenye ungo karibu na mizinga, wanakuja wanalamba mpaka yanakuwa makavu, unabaki na nta tupu. Bure kabisa.

#17 Mama Kulwa TBR
Binti Kaliua mdogo wangu tafadhali usiwafundishe watu hilo. Jirani yangu alifanya hivyo nyuma ya nyumba. Nyuki wa mizinga yote wakakutana pale, wakaanza kuuana wenyewe kwa wenyewe, halafu wakageukia watu. Kuku saba walikufa siku ile na mbuzi aliyekuwa amefungwa kamba alivimba uso hajulikani kama ni mbuzi. Tulijifungia ndani mpaka magharibi.

#18 Kibondo Original
Inategemea. Mimi naweka mbali sana na mizinga na makazi, jua likikaribia kuzama, na ni masega ya mizinga yangu mwenyewe. Ya kununua siweki kamwe, ugonjwa wa majana unasafiri kwenye asali.

#19 Binti Kaliua
Sawa nimeelewa ila sisi hatujawahi kupata shida, labda nyuki wa Kaliua wana adabu 😅

#20 Sungusungu Mstaafu
Nyuki wa Kaliua wanavuta tumbaku kwanza ndo wanatoka.

#21 Mpwa wa Ipuli
Wakuu naomba radhi. Nimemuuliza waifu. Kumbe nilipotoka kwenda kufuata mkaa yeye aliona masega yanashika chini akatia maji. Vikombe viwili anasema, mimi namjua vikombe vyake ni jagi. Maji ya kisima cha jirani.

#22 Ticha wa Kemia
SI NILIULIZA. Nimelala nikiwaza kemia mpya kumbe jagi.

Haya sasa. Kisima hicho sabuni inatoa povu?

#23 Mpwa wa Ipuli
Haitoi kabisa, unafua shati mpaka kipande kinaisha. Birika lina ukoko mweupe ndani.

#24 Ticha wa Kemia
Kesi imekwisha kwa upande wangu. Ndani ya nta kuna asidi za mafuta zinazojitegemea, zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Maji yenye chumvichumvi za kalsiamu yakikutana nazo kwenye joto yanatengeneza kitu cha jamii ya sabuni. Hiyo sabuni inashika nta kwa mkono mmoja na maji kwa mkono mwingine, mnapata mchanganyiko kama maziwa, haupandi haushuki. Huo ndo uji. Ndo maana wazee wa nta wanasema tumia maji ya mvua.

#25 Mama Kulwa TBR
Ticha hapo nakuunga mkono nusu. Maji ya kisima yaliwahi kuniharibia tofali zima, lilikuwa linamomonyoka kama chaki. Lakini uji ule ulikuwa mweupe mweupe. Wa huyu ni kahawia.

#26 Kibondo Original
Kahawia = chavua. Nimeshasema.

#27 Mzinga wa Gome
Na majana yakiiva yanakuwa rangi gani? Mpaka sasa hakuna aliyeenda kuutazama ule uji kwenye glasi, mnabishana tu.

#28 Reli ya Kati
Na mimi niongeze yangu. Mwezi wa sita na wa saba Tabora usiku baridi, inashuka mpaka nyuzi 15 hivi, na asali inapenda kuganda sukari kwenye 14 hivi. Asali iliyobaki kwenye masega imeshaanza kuganda ndani ya vishimo, chengachenga kama sukari. Ndo maana ukikamua haitoki. Huo uji ni asali iliyoganda imechanganyika na nta.

#29 Ticha wa Kemia
#28 wazo zuri ila linagoma sehemu moja: alipika mpaka nta ikayeyuka, yaani amepita 60. Chenga za asali zinayeyuka kabla ya hapo. Labda ziliganda upya alipoiacha usiku, lakini usiku mmoja ni haraka sana, na yeye kaongeza maji juu.

Ila umenisaidia kwa jambo lingine: KABLA ya moto, kama asali imegandamana kwenye masega, weka ndoo juani imefunikwa vizuri siku mbili tatu, ndoo nyeusi ikipatikana ni bora. Masega yanalainika bila kuyeyuka, asali inalegea, unaiweka juu ya chujio inashuka yenyewe. Hapo unapata asali ambayo bado ni asali.

#30 Fundi Bati Ng'ambo
Nyie mnahangaika na mkaa wakati jua lipo bure. Nilitengeneza sanduku la mbao, ndani nimepaka rangi nyeusi, juu kioo cha dirisha la zamani, ndani kuna bati la alumini limeinama kidogo, masega juu, mbele chujio na beseni. Saa sita mpaka saa tisa nta inachuruzika yenyewe njano safi kama yai la kuku wa kienyeji. Makapi yote yanabaki juu ya bati.

Changamoto zipo, kioo kikikaa vibaya nyuki wanajua kabla yako, na sisimizi usiseme, miguu ya sanduku iweke kwenye makopo ya maji. Masega meusi kuukuu hayatoi kitu, nta yote inanywewa na vile vifuko. Hayo lazima gunia na maji ya moto.

#31 Mpwa wa Ipuli
#30 na asali je inatoka nzuri?

#32 Fundi Bati Ng'ambo
Inatoka ila imeota jua pamoja na nta, nayo inakuwa nyeusi kidogo. Nakunywa mwenyewe siuzi.

#33 Daktari wa Mtaa
Asali ikishapikwa inakuwa SUMU, msimpe mtu. Wahindi wamelijua hili miaka elfu.

#34 Ticha wa Kemia
Sumu hapana. Ikipata joto kali au ikikaa muda mrefu kinaongezeka kitu kinaitwa HMF, na vile vimeng'enya vya nyuki vinakufa. Viwango vya kimataifa vinaruhusu miligramu 40 za HMF kwa kilo, na kwa asali ya nchi za joto kama zetu 80, kwa sababu hata jua la ghalani linaipandisha. Maana yake asali imechoka, thamani imeshuka, ukipeleka kupimwa inakataliwa. Lakini ukiweka kwenye andazi hufi, andazi lenyewe limepikwa.

#35 Daktari wa Mtaa
Sawa ticha ila mimi hainigusi. Yangu ile mbichi nawapa watoto wangu wote kijiko asubuhi hata kachanga.

#36 Mama Kulwa TBR
#35 kachanga HAPANA. Chini ya mwaka mmoja mtoto hapewi asali ya aina yoyote, iwe mbichi iwe ya mzinga wa babu yako. Kuna vijidudu vinakaa kwenye asali vimelala, tumbo la mtu mzima linavishinda, la mtoto mchanga haliwezi, vinatoa sumu inalegeza misuli mpaka kupumua. Kliniki wanasema kila siku. Tuendelee na mada.

#37 Bwana Nta
Mada imehamia hospitali. Mleta mada, ulitegemea nta kilo ngapi?

#38 Mpwa wa Ipuli
Nimesikia nusu ya uzito wa masega ni nta, kwa hiyo nilipiga hesabu kilo 15 hivi kwa ndoo zote mbili.

#39 Bwana Nta
Nani kakudanganya 🤣 Sega bichi lililonenepa karibu lote ni asali. Kwa mizinga ya kukata masega tunahesabu nta kama sehemu moja ya kumi ya asali. Lita zako 30 ni kilo 42, ongeza ya kwenye mabaki, ukipata kilo nne na nusu za nta safi shukuru. Kilo sita, nitakuja mwenyewe kukupa mkono.

#40 Mzinga wa Gome
Na hiyo nta si kitu cha kuchezea, wanasema nyuki anakula kilo sita mpaka nane za asali kutoa kilo moja ya nta. Sisi wa mizinga ya magome ndo tulikuwa wakorofi zaidi, mti wa mtundu unauchuna gome zima unakufa umesimama, halafu mwaka unaofuata tunauliza maua yako wapi. Mizinga ya mbao mnayotumia sasa ni bora, hilo nakubali ingawa asali ya kwenye gome ilikuwa na harufu yake.

#41 Sungusungu Mstaafu
Mzee hiyo harufu ni moshi wa kinyesi cha ng'ombe.

#42 Mzinga wa Gome
Mjukuu wangu wewe nikikukuta Sikonge.

#43 Kibondo Original
Tumuelekeze ndoo ya pili jamani, siku zinaenda na nondo wa nta hawasubiri mjadala. Masega yakikaa ndoo iliyofunikwa vibaya wiki mbili tatu unakuta utando kama wa buibui na funza ndani, hapo huna nta huna asali. Mimi ningefanya: mosi chagua kwa mkono mchana kweupe, jeupe mbali jeusi mbali, la chavua na majana toa. Jeupe juani kwenye chujio. Likishamaliza kuchuruzika osha kwa maji kidogo, maji hayo mzee keshasema kazi yake. Ndipo uyeyushe nta na maji safi.

#44 Mpwa wa Ipuli
Maji ya mvua mwezi wa saba Tabora nitayatoa wapi wakuu? Mvua yenyewe mpaka mwezi wa kumi na moja.

#45 Mama Kulwa TBR
Ya bomba yanafaa, siku hizi mjini tunapata ya Ziwa Victoria, zamani ni ya bwawa la Igombe tu na yenyewe yalinifaa. Pima kwa sabuni, yakitoa povu vizuri tumia. Yakikataa kamulia ndimu moja mbili au kijiko cha siki, nta haitashikana na maji.

Na jamani moto! Nilisahau kusema. Nta ikichemka inapanda kama maziwa, ikimwagikia mkaa inashika. Mwaka ule nilikwenda mlangoni kuongea na mgeni dakika tatu tu nikarudi moto umefika kenchi. Kijana wangu ameshabeba ndoo ya maji nikamzuia, maji kwenye nta inayowaka inaruka kama petroli. Nikafunika kwa mfuniko wa sufuria, ukafa. Mfuniko au mchanga ukae karibu. Pikia nje.

#46 Reli ya Kati
Njia ya gunia ikoje kwa masega meusi? Nina mfuko mzima nataka kutupa.

#47 Bwana Nta
Usitupe. Yaloweke maji usiku kucha kwanza, vifuko vikinywa maji vinashiba havinywi nta. Yaweke kwenye gunia la katani, funga, tumbukiza kwenye sufuria yenye maji, juu weka jiwe zito likandamize chini ya maji. Yakiwa moto mkali ila hayachemki, bonyeza bonyeza kwa mti. Nta inapita inapanda juu, uchafu unabaki ndani ya gunia. Epua, funika, kesho una kifuniko chako cha nta. Makapi ukiyakausha ni kiwashio cha jiko hakuna mfano.

#48 Mgebuka Mkavu
Mimi bado nasema mashine. Mnazunguka wiki nzima na magunia na blanketi, shemeji saa moja kamaliza.

#49 Kibondo Original
Mashine inasukuma chavua yote na maji ya majana ndani ya asali mkuu, asali inakuwa na ukungu na unyevu unapanda. Unyevu ukizidi asilimia 20 inaanza kuchacha. Shemeji yako dumu lake halijawahi kuvimba?

#50 Mgebuka Mkavu
...limewahi. Moja. Tulidhani ni joto la kwenye treni.

#51 Sungusungu Mstaafu
Treni imesingiziwa mengi.

#52 Mpwa wa Ipuli
MREJESHO. Wakuu nimefanya ndoo ya pili. Nimechagua kama alivyosema Kibondo Original, kweli masega yenye chavua yalikuwa mengi kuliko nilivyodhani na ya majana vipande vinne mzee, sio kimoja. Nimeyatoa yote. Mabaki meupe nimeweka juani siku tatu juu ya chandarua, zimetoka lita tatu na ushee, rangi ya dhahabu, hii imeniuma maana ile ndoo ya kwanza nayo ingetoa hivi.

Kisha nimeyeyusha kwa sufuria mbili kama Mama Kulwa, bila maji kabisa ndani, nimemfungia waifu mlango kwa mapenzi tu. Blanketi. Asubuhi: juu nta njano safi, chini asali kidogo kama lita moja nyekundu haijaungua. Katikati uji upo! Mwembamba, kama unene wa kadi ya simu, lakini upo. Hakuna maji ya kisima, hakuna majana, hakuna masega ya chavua. Nielezeni.

Na ule uji wa kwanza nimeuweka kwenye glasi. Kuna unga umezama, kuna vingozi vinaelea, na maji yenyewe yamekuwa meupe kama ya sabuni.

#53 Ticha wa Kemia
Maji yamekuwa meupe! Nashukuru.

#54 Kibondo Original
Unga umezama! Nashukuru.

#55 Mzinga wa Gome
Vingozi vinaelea. Mimi sishukuru, nilijua.

#56 Ticha wa Kemia
Huo wa pili ni chavua iliyobaki tu, hata sega jeupe halikosi. Au ile gundi ya nyuki wanayozibia mianya ya mzinga, nayo ikipata moto inalegea inakaa popote.

#57 Mama Kulwa TBR
Gundi ya nyuki huwa inazama chini kabisa kwangu, vipande vyeusi. Huo mwembamba mimi naona ni nta tu haikupata muda wa kutulia, blanketi lako jembamba. Kwangua, yeyusha tena, usiumize kichwa. Mimi nimeshauza nta yenye utando huo mara ngapi.

#58 Bwana Nta
Ulimuuzia nani huo wenye utando mama?

#59 Mama Kulwa TBR
Wewe.

#60 Ngoja Waje Wajuzi
😂😂😂 nilikaa kwenye mwembe tangu mwanzo wa uzi, imelipa.

#61 Binti Kaliua
Mleta mada ile asali nyeusi ya ndoo ya kwanza yenye maji ya kisima umeipeleka wapi?

#62 Mpwa wa Ipuli
Ipo kwenye dumu jikoni. Tangu jana imeanza kutoa povu, mfuniko unapiga pss pss usiku, watoto wanaogopa.

#63 Mzinga wa Gome
Legeza mfuniko huo usije ukapasuka. Hilo halirudi tena kuwa asali, maji yameshaingia. Ongeza maji mengine ya vuguvugu, liweke mahali pa joto, siku nne tano. Nitakuja mjini Ijumaa kufuata dawa za magoti.

#64 Mgebuka Mkavu
Treni yangu ya kutoka Kigoma inafika Tabora Jumamosi. Mzee asimalize.